Akoniti kivulini: ua la kudumu lisilo na kiazi cha kudumu

Kitendawili! Tega. Mama hufa kila mwaka, nyumba haibaki tupu.

Mkulima atajibu bila kufikiri: mgomba. Mkungu ukishakomaa mama hukatwa, na pembeni yake mwana amekwisha kusimama. Jibu ni sahihi. Ila lipo na jibu la pili, la mmea usioliwa, unaopenda ubaridi na kivuli, wenye maua ya buluu iliyokoza yaliyoumbwa kama kofia za chuma za askari wa kale. Huo ni akoniti, na kiazi chake ni miongoni mwa vitu vyenye sumu kali kuliko vyote ambavyo mtu hupanda bustanini kwa hiari yake.

Akoniti si mmea mmoja. Ni jenasi nzima, Aconitum, yenye spishi zaidi ya 200 zilizotapakaa milimani na kwenye kingo za misitu ya Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Jina ni la Kigiriki cha kale. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alilirithi tu alipoiorodhesha mimea ya dunia mwaka 1753. Wapenda bustani wameikuza kwa karne nyingi kwa sababu iliyo wazi: maua marefu ya buluu yanayokubali kuchanua mahali ambapo jua halifiki siku nzima ni machache mno.

Anayetaka kuikuza huambiwa mambo matatu ambayo kwa sikio la kwanza hayapatani. Kwamba ni mmea wa kudumu, na papo hapo kwamba kiazi unachokipanda leo hakitamaliza miaka miwili. Kwamba ni mmea wa kivuli, na kwamba ukiunyima jua hauchanui. Kwamba ni sumu ya kuua, na kwamba wako watu walioutunza maisha yao yote na hawajapata hata upele. Yote ni kweli. Ukitaka kuelewa yanavyokaa pamoja, yaache maua kwanza, anza na udongo.

Mama na wana

Subiri mwisho wa msimu, shina likishakauka, kisha vaa glavu uliinue kwa jembe uma pamoja na kilicho chini yake. Kitakachotoka kinafanana na karoti fupi iliyonenepa mabegani na kuchongoka chini, kahawia iliyokaribia weusi, yenye vijizizi kama ndevu. Kibonyeze. Ni laini, kimesinyaa, ngozi imeingia mikunjo. Hicho ndicho kiazi kilichosimamisha shina la mita moja na nusu na maua yake yote, nacho kimemalizika. Sasa kigeuze utazame ubavuni. Kuna kingine, mara nyingi viwili, vimeshikana nacho kwa kikonyo kifupi. Hivi ni vigumu, vimejaa, na kila kimoja kina chipukizi kichwani lililojifumba likingoja baridi ipite.

Mama hataota tena; ataoza palepale alipo. Wana ndio watakaotoa mashina ya mwaka ujao, nao watazaa na kufa vilevile. Wachina, ambao wametumia spishi ya Aconitum carmichaelii katika dawa zao tangu kale, waliuona uhusiano huo na wakautia ndani ya majina. Kiazi kikuu wanakiita wutou, yaani kichwa cha kunguru. Kile cha ubavuni ni fuzi, neno linalobeba maana ya mwana aliyeambatishwa. Sijui mtaalamu gani wa mimea angeweza kulieleza jambo hili kwa maneno machache zaidi.

Si spishi zote zilizo hivi. Akoniti ya njano, A. lycoctonum, haina viazi vya kurithishana; ina shina la chini ya ardhi lenye mizizi ya nyuzi ambalo hudumu. Lakini zile za buluu zinazouzwa zaidi kwa ajili ya bustani, A. napellus ya Ulaya na hiyo carmichaelii, hufuata utaratibu wa mama na wana.

Ukilijua hilo, maagizo mengi ambayo huonekana kama amri tupu yanajieleza yenyewe. Maua ya mwaka huu yaliamuliwa mwaka jana. Wakati shina linachanua, chini mama anatoa na wana wanapokea, na wanaendelea kushiba kutoka kwenye majani hadi majani yenyewe yanyauke. Udongo ukikauka wiki zile baada ya maua kupukutika, wakati mwenye bustani ameshasahau kumwagilia kwa kuwa hakuna cha kutazama, wana hubaki wembamba. Mwaka unaofuata mashina yanatoka mafupi, na lawama zinakwenda kwa kivuli, kwa mbolea, kwa aliyeuza mche. Kosa lilifanyika miezi mingi nyuma. Vivyo hivyo kwa mkasi: kata kishada kilichomaliza kuchanua ukitaka, lakini shina lenye majani mabichi liache. Kulikata ni kumnyima mtoto titi kabla hajaacha kunyonya.

Mmea pia hutembea. Shina jipya halisimami pale lilipokuwa la zamani bali pale alipokuwa mwana, sentimeta chache pembeni. Baada ya miaka minne au mitano kichaka huwa na uwazi katikati, na viazi vya pembezoni vimebanana kiasi cha kunyang'anyana chakula. Hapo ndipo watu husema akoniti imechoka. Haijachoka, imezaa kupita nafasi iliyopewa. Na usiisumbue katikati ya msimu, kwa sababu jembe lako litakata kile kikonyo chembamba ambacho ndicho mlo wote wa mwaka ujao unapitia.

Kivuli, lakini kivuli gani?

Porini akoniti hukaa kando ya vijito vya milimani, kwenye malisho yenye majimaji, na ukingoni mwa msitu pale miti inapoachia nafasi. Ukizitazama sehemu hizo kwa pamoja utaona kwamba kinachozifananisha si giza. Baadhi ziko wazi kabisa juani. Kinachozifananisha ni udongo wenye ubaridi na unyevu usiokatika. Kwa hiyo ninaposikia akoniti ikiitwa mmea wa kivuli, mimi huelewa kwamba ni mmea ambao mizizi yake haivumilii joto wala kiu. Kivuli ni njia mojawapo ya kuikinga na hayo mawili.

Ndiyo maana ushauri hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Penye kiangazi cha baridi na udongo unaoshika maji, akoniti husimama juani kutwa na kuchanua vizuri kuliko ikiwa kivulini. Penye kiangazi cha joto, jua hilohilo huunguza kingo za majani na kulikausha shina kabla vishada havijafunguka. Hapo kivuli si hiari tena. Na penye joto mwaka mzima, kama nyanda za chini za tropiki, hakuna kivuli kitakachoisaidia. Mmea huu unahitaji majira ya baridi ya kweli ili chipukizi lililofumba lipumzike na kuamka. Asiye na baridi ya namna hiyo ajiokolee fedha.

Mwenye hali ya hewa inayofaa bado ana kazi ya kuchagua kivuli. Chini ya mti wenye majani mazito ya mwaka mzima kuna matatizo mawili kwa pamoja, na watu huliona moja tu. Wanaona giza, hawaoni kiu: mizizi ya mti imeshawahi maji yote. Akoniti iliyopandwa hapo hurefuka ikiutafuta mwanga, shina linakuwa jembamba, linaegemea upande mmoja, na juu kabisa linatoa maua matatu manne ya kukuonea huruma. Kivuli kizuri ni kile kinachokuja baada ya jua la asubuhi, tuseme hadi saa nne au saa tano, au kile cha miti mirefu yenye majani mepesi. Kuna namna rahisi ya kupima. Simama pale unapotaka kupanda saa sita mchana, utazame chini. Ukiona madoa ya mwanga yanayocheza kila upepo unapotikisa matawi, panafaa. Usipoona doa hata moja, panda kangaga.

Na hata panapofaa, kangaga ni jirani mwema, pamoja na hosta na astilbe, mimea mingine ya kivulini. Hufunika ardhi isipate joto, na huficha majani ya chini ya akoniti ambayo yana tabia ya kugeuka njano mapema. Tandaza mboji ya majani yaliyooza kila mwaka, unene wa vidole vitatu au vinne, bila kuifukia shingo ya mmea. Unyevu uwepo, ila maji yasituame. Kiazi kilichokaa kwenye tope la baridi huoza kabla ya kuchipua, na chipukizi la mwana haliwezi kufanya lolote.

Mgeni wa kofia

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu ni dhambi kuikuza akoniti bila kuwahi kupiga magoti mbele ya kishada chake asubuhi moja. Kile tunachokiona cha buluu si petali. Ni sepali 5, yaani vile vijani ambavyo kwa maua mengi hulifunika tumba, zilizojitia rangi, na ile ya juu ndiyo iliyovimba ikawa kofia. Petali zenyewe ni mbili, zimejificha ndani ya kofia, zimegeuka kuwa vibakuli vya mbochi vilivyoning'inizwa kwenye vikonyo virefu. Nyuki mdogo hafiki huko kwa urahisi. Anayefika ni yule nyuki mkubwa, mnene, mwenye manyoya, wa jenasi ya Bombus, mwenye ulimi mrefu na nguvu ya kujipenyeza.

Mtazame anavyofanya kazi. Anatua kwenye ua la chini kabisa la kishada, anazama ndani hadi mabega, anatoka, anapanda ua la pili, na kuendelea hivyo hadi karibu na kilele, kisha anaruka kwenda kishada kingine na kuanza tena chini. Kuna sababu. Kila ua la akoniti huanza likiwa dume, likitoa chavua, na baada ya siku kadhaa hugeuka jike lenye kupokea. Kwa kuwa maua hufunguka kuanzia chini, ya chini ndiyo makongwe, tayari ni majike, na ya juu bado ni madume. Nyuki anayepanda ngazi huondoka juu akiwa amepakwa chavua mbichi na kuipeleka moja kwa moja kwa majike wa mmea mwingine. Wapo pia wezi, wenye ndimi fupi, wanaotoboa kofia kwa nje na kufyonza mbochi bila kugusa chavua. Ukiona tundu dogo juu ya kofia, ujue amepita mmoja wao.

Tuirudie bustani.

Nini hasa cha kuogopa

Sumu kuu inaitwa akonitini. Iko katika kila sehemu ya mmea: majani, maua, mbegu, na zaidi ya kote kwenye kiazi. Miligramu 2 hivi za akonitini safi zinatosha kumuua mtu mzima, na kiasi hicho hakihitaji kiazi kizima.

Inavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Seli za neva na za moyo zina vilango vidogo vya kupitishia sodiamu. Kilango hufunguka kwa kufumba na kufumbua, ujumbe unapita, kinafungwa. Akonitini huingia kwenye kilango na kukaa kama jiwe lililowekwa mlangoni: mlango haufungiki. Neva zinapiga kelele mfululizo, kisha zinaishiwa. Ndiyo maana dalili ya kwanza ni midomo na ulimi kuchonyota, na muda si mrefu mchonyoto huo hugeuka ganzi inayosambaa usoni na vidoleni. Hufuata kutapika, tumbo kukata, viungo kulegea. Kinachoua hasa ni moyo, ambao seli zake zina vilango vilevile; mapigo hupoteza mpango. Yote hayo yanaweza kuanza ndani ya dakika chache, au saa moja au mbili. Dawa maalumu ya kuizima sumu hii haipo. Hospitali humsimamia mgonjwa, hushughulikia moyo na pumzi mpaka mwili uitoe sumu, na wengi wanaofika mapema hupona. Kwa hiyo mtu akitafuna sehemu yoyote ya mmea huu, safari ni ya hospitali wakati uleule, na kipande cha mmea kiende naye kwenye mfuko. Hakuna kusubiri kuona kama itazidi.

Ile dalili ya ulimi iliwahi kuwa ushahidi mahakamani. Mwaka 1881, huko Wimbledon, Uingereza, daktari aliyeitwa George Henry Lamson alimlisha shemeji yake akonitini kwa ajili ya urithi. Alitumaini haitagundulika, maana wakati huo hapakuwa na kemikali ya kuitambua kwa uhakika. Mtaalamu wa sumu Thomas Stevenson alichukua kile alichokichuja kutoka mwilini mwa marehemu, akagusisha kidogo kwenye ulimi wake mwenyewe, akaitambua kwa mchonyoto na ganzi. Lamson alinyongwa mwaka 1882.

Kisa hicho kinasisimua, lakini kwa mwenye bustani si cha kumfundisha. Kuna kingine kinachomhusu zaidi. Mwaka 1856, katika mji wa Dingwall huko Scotland, mtumishi alitumwa bustanini kuchimba hosiradishi, ule mzizi mkali unaokunwa kuwa kiungo cha nyama. Alichimba akoniti. Sosi ikaandaliwa, wageni wakala, na miongoni mwa waliokufa walikuwemo mapadri wawili. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mizizi miwili ilikuwa katika bustani moja, na mzizi uliochimbwa bila majani hauwezi kukutajia jina lake.

Tofauti zipo kwa anayezijua. Hosiradishi ni ndefu, unene wake karibu sawa juu na chini, nyeupe inayoelekea manjano, na ukiikwaruza harufu inakupanda puani. Akoniti ni fupi, imechongoka, nyeusi-nyeusi, haina harufu hiyo, na nyama yake iliyokwaruzwa hugeuka taratibu rangi ya waridi hafifu. Lakini bustani isiyolazimisha mtu kujua tofauti hizi ni bora kuliko mtu anayezijua. Majani nayo yamedanganya wengi. Huko Japani, watu wanaochuma mboga za porini majira ya kuchipua wamekuwa wakichanganya machipukizi ya akoniti na ya anemoni moja iliwayo, ambayo huota nayo kivulini bega kwa bega.

Kuna jambo la ngozi, ambalo limezungukwa na chumvi nyingi. Utasikia kwamba kupita karibu na akoniti na kuguswa na jani ni kifo. Si hivyo; ingekuwa hivyo wauza miche wasingebaki. Lakini aliye upande wa pili, anayesema ngozi haipitishi kitu, naye anakosea. Katika karne ya 19 madaktari walikuwa wakitoa dawa za kupaka zenye akoniti kwa maumivu ya neva, na zilifanya kazi kwa sababu ileile: akonitini iliingia kupitia ngozi na kuleta ganzi. Kwa hiyo jani zima lililogusa mkono mzima si jambo la kukukosesha usingizi. Utomvu wa kiazi kilichokatwa, kwenye mkono wenye mchubuko, kwa nusu saa ya kugawa viazi, ni jambo jingine kabisa. Na hatari kubwa kuliko ngozi ni mkono huo kupanda mdomoni, kwa sigara, kwa kipande cha mkate, kwa kufuta jasho.

Utasikia pia kwamba kuchemsha kunaondoa sumu. Ni kweli kwamba moto wa muda mrefu huivunja akonitini kuwa vitu vyenye ukali mdogo zaidi, na hivyo ndivyo fuzi inavyotayarishwa na wenye kazi yao. Jikoni kwa mtu hakuna kipimo cha kujua imevunjika kiasi gani. Wanaojichemshia wenyewe huishia wodini, na huu si mmea wa kufanyia majaribio ya tiba.

Nikiyaweka hayo pamoja, ninachokihofia katika akoniti si jani bali kosa la utambuzi. Mmea uliosimama na kofia zake za buluu haumdanganyi mtu mzima. Unaodanganya ni ule usioonekana: kiazi kitupu wakati wa baridi, chipukizi changa lisilo na ua, mche uliohamishwa na kusahaulika.

Kupanda

Kwa hiyo mahali pake pawe mbali na mboga na viungo, si hatua mbili bali upande mwingine kabisa wa bustani. Pawe nyuma ya mimea mingine, ambako urefu wake unafaa na mkono wa mtoto haufiki kwa bahati mbaya. Penye mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, au mbwa anayefukua, mimi ningeiacha kabisa kwa miaka hiyo michache. Kulungu na sungura, kwa upande wao, wanaijua na hawaigusi, na katika bustani zinazoliwa kila usiku hiyo si faida ndogo.

Spishi ya kuanzia? Ningechagua carmichaelii, hasa aina iitwayo 'Arendsii'. Shina lake ni nene, mara nyingi halihitaji mti wa kuliegemeza, na huchanua kuchelewa, majani ya miti yakianza kupukutika, wakati kivuli cha bustani hakina rangi nyingine. Napellus huchanua katikati ya kiangazi na ni nyepesi zaidi, lakini kivulini hulala chali mvua kubwa ikinyesha, basi ichomekee vijiti mapema kabla haijarefuka. Anayetaka kitu kifupi na kipole atazame 'Ivorine', yenye maua meupe ya maziwa. Ipo hata akoniti inayotambaa na kupanda, A. hemsleyanum, ingawa kuufungulia mmea wa sumu njia ya kupanda juu ya ua wa jirani ni jambo la kulifikiria mara mbili.

Kwa mbegu ni safari ndefu. Mbegu mbichi, zilizotoka tu kukomaa, hupandwa mara moja kwenye chungu na kuachwa nje zipigwe na baridi. Bila baridi hazizinduki. Nyingine huota majira ya kuchipua yanayofuata, nyingine huruka mwaka mzima. Maua utayasubiri miaka miwili au mitatu. Mbegu za zamani za kwenye pakiti mara nyingi hazioti kamwe. Wadudu na maradhi si wengi: vidukari, ubwiri unga penye ukavu na hewa iliyotulia, konokono kwenye machipukizi, na mnyauko ambao ukiingia hauna tiba ila kung'oa na kutorudia mahali hapo.

Njia ya haraka ni kugawa, na kugawa ni kutenganisha wana tu. Fanya wakati majani yamekwisha kufa, au mapema kabisa kabla ya machipukizi kuamka, kila baada ya miaka mitatu au minne. Glavu ziwe za mpira, si za kitambaa kinachonyonya utomvu. Tandika gazeti. Inua kichaka kizima kwa jembe uma ukianzia mbali, kipige kidogo udongo uanguke, kisha wana wengi watajitenga kwa kusokotwa tu bila kisu. Chagua walionenepa wenye chipukizi zima. Wapande kichwa kikiwa juu, sentimeta 3 hivi chini ya udongo, na kati ya mmoja na mwenzake sentimeta 30 hadi 45. Mwagilia. Mwaka wa kwanza huenda wasichanue, wana kazi ya kujijenga.

Palepale ulipopanda, chomeka kibao chenye jina, cha chuma au mbao ngumu, maandishi yasiyofutika. Kibao hiki ni cha majira ya baridi, wakati ardhi iko tupu na mtu mwingine mwenye jembe anatafuta nafasi ya kupanda vitunguu.

Mama waliosinyaa, vipande vilivyokatika na lile gazeti vifunge pamoja uvitupe ambako mifugo na mbwa hawafiki. Osha jembe, osha glavu zikiwa bado mikononi, kisha zivue uoshe mikono. Na kabla ya kuingia ndani, hesabu viazi: vilivyochimbwa, vilivyopandwa, vilivyotupwa. Hesabu isipotimia, rudi ukatafute.